Rezo ya Msingi Kwanza: Kwa Nini Hatutadai 5G Mbele ya Vijiji Kupata Sauti

Maneno yetu mbele ya vijana wa komini Vulamba, Butembo

Jambo kwenu wa Vulamba, wa Kimemi, wa Bulengera na wa Mususa. Jambo kwenu mliotoka Beni kwa barabara ile ambayo kila mtu hapa anajua anaipita na moyo mkononi. Aksanti kwa kuja. Tutasema kwa ufupi, kisha tutawaachia nafasi ya kuuliza na hata ya kutupinga.

Kwa siku mingi sasa swali moja linarudi kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Vijana wanauliza: mwendo wetu unangoja nini kuandika barua ya kudai 5G hapa Butembo na Beni? Wanasema, na wako na haki: ngambo ya Kasindi, kule Uganda, MTN na Airtel walifungua 5G mwaka 2023. Kenya, Safaricom ilianza kuiuza 2022. Tanzania, Vodacom ilianza mwaka ule ule. Na sisi? Sisi tuko tunahesabu mega sawa vile mama anahesabu makala ya mwisho ya jioni.

Tumekaa juu ya hilo swali. Tumebishana usiku mzima, hatukupatana haraka. Lakini mwishoni jibu letu ni hili: barua ya 5G hatutaiandika kwa sasa. Tutaandika barua ingine, na tunaomba muisaini. Mtuvumilie tuwaeleze kwa nini.

Kwanza tuelewane 5G ni kitu gani, juu wengi wanaitaja sawa vile ni dawa.

Anteni inazungumza na simu kwa mawimbi. Mawimbi ya chini yanaenda mbali, yanapita kwenye miti na ukuta, lakini yanabeba mzigo kidogo. Mawimbi ya juu yanabeba mzigo mingi, lakini yanachoka haraka; kilima kimoja tu, na imekwisha. Ile 5G ya mbio kali wanayoonyesha kwenye pube inatumia mawimbi ya juu. Ili ifanye kazi, inaomba anteni mingi, karibu karibu. Kila anteni inaomba fibra ao kiungo kingine chenye nguvu nyuma yake, juu anteni haizai intaneti, inaigawanya tu. Kila anteni inaomba umeme saa zote. Na mwishoni, wewe mwenyewe unaombwa simu ya 5G.

Sasa angalieni muji wetu. Butembo ni milima na mabonde. Umeme hauko katika kila nyumba wala kila saa. Mnara mwingi huku unaishi kwa mazutu, na mazutu inakuja kwa lori, na lori inapita barabara namba 4 kutoka Kasindi, ao barabara namba 2. Barabara ikifungwa juu ya vita ao juu ya matope, mnara nao unaanza kuhesabu siku zake. Kuweka 5G juu ya mnara wa namna ile ni kumvalisha mgonjwa koti ya harusi. Koti itapendeza. Mgonjwa atabakia mgonjwa.

Na tuwe wakweli: hata wakiileta, wataiweka wapi? Wataiweka katikati ya muji, karibu na mabanki na mahoteli, fasi ambapo 4G tayari iko inakamata. Mtu aliye na rezo atapata rezo zaidi. Mtu asiye na rezo ataiona kwenye pube.

Jambo hilo haliko la Kongo peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, UIT, lilitoa hesabu za mwaka 2024: kwa kila watu 100 duniani, 68 wanatumia intaneti. Afrika ni 38. Ndani ya Afrika yenyewe, mijini ni 57, vijijini ni 23. Na 5G? Katika inchi tajiri imefunika asilimia 84 ya watu. Katika inchi maskini, asilimia 4. Soma hizo namba polepole. Mwaka ule wa 2024 watu bilioni 2.6 hawakuwa kwenye intaneti hata kidogo, na shida yao ya kwanza haikuwa kuongeza mbio. Shida yao ilikuwa kuingia.

Na wale wasioingia, kwetu hapa, tunawajua kwa sura.

Toka Butembo uende mangaribi, kuelekea Njiapanda na Mangurejipa, ndani ya sekta ya Bapere. Toka Beni uende Kamango, ao uende upande wa Eringeti. Panda Bashu. Utaona mstari wa rezo kwenye simu yako ukipungua: mistari minne, mibili, mumoja, kisha hakuna. Watu wa kule wanajua fasi moja ya kilima, chini ya muti fulani, ambapo ukisimama na mkono juu, rezo inakamata kidogo. Mama anapanda pale kumpigia mtoto wake anayesoma Butembo. Muchuuzi anapanda pale kuuliza bei ya kakao. Nesi anapanda pale kuuliza kama dawa imefika.

Na wakati mwingine mtu anapanda pale kusema: wamefika.

Wandugu, hapa hatuchezi. Tangu mwezi wa 10 wa 2014 watu wetu wanachinjwa katika Beni, kisha Ituri, kisha Lubero. Mwezi wa 9 wa 2025, huko Ntoyo, katika Lubero, walivamia watu waliokuwa kwenye kilio. Zaidi ya 60 walikufa. Hatusemi mnara mmoja wa simu ungesimamisha panga. Hatutauza matumaini ya bei rahisi juu ya maiti ya watu wetu. Mwenye wajibu wa kulinda raia ni serikali, na hali ya dharura iliyowekwa tangu mwezi wa 5 wa 2021 haijatuletea usalama tulioahidiwa. Lakini tunajua jambo moja: mtu aliyeona watu wenye silaha kwenye shamba lake anahitaji kupiga simu dakika ile ile, kwa kijiji kinachofuata, kwa chefu, kwa vijana, kwa askari. Simu ya sekunde 30. Sauti peke yake. Kwa sauti hiyo haombi 5G. Haombi hata 4G. Anaomba 2G, teknolojia ambayo iko kazini tangu miaka ya 1990.

Kumbukeni pia Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 wa 2018, ikaanzia Mangina, ikaisha mwezi wa 6 wa 2020. Watu 2287 walikufa. Kazi ya kila siku ilikuwa ni kutoa habari: nani ana homa, nani alimuguza, nani amehama. Mgonjwa aliyejulikana asubuhi na mgonjwa aliyejulikana kisha siku tatu hawakuwa na bahati sawa. Rezo ya msingi ni dawa pia, hata kama haiko ndani ya sanduku la nesi.

Sasa wengine watasema: lakini teknolojia mpya njo itaruka hizo shida zote. Hakuna haja ya mnara, hakuna haja ya barabara. Tutaleta kitu toka mbinguni.

Tuangalie. Kule Kenya, mwezi wa 7 wa 2020, kampuni Loon ya kundi la Google, pamoja na Telkom Kenya, ilifungua intaneti ya mapulizo, ile mibaluni mikubwa inayoruka kilomita 20 juu. Mibaluni kama 35, eneo la kilomita za mraba karibu 50,000. Dunia nzima ilipiga picha. Mwezi wa 1 wa 2021, hata mwaka haujaisha, wakatangaza kwamba wanafunga: gharama haikushuka ya kutosha. Wenyeji wakabakia na mbingu yao.

Hatusemi hivyo ili tucheke. Waliojaribu walikuwa na akili nzuri. Na kuna kipande cha kazi yao kilichobakia: mwanga wa laser uliotumiwa kuunganisha mibaluni, wenzao wa mradi Taara waliuchukua, na mwaka 2021 wakavusha intaneti juu ya mto Kongo, kati ya Brazzaville na Kinshasa, karibu kilomita 5 bila waya. Mnaona tofauti? Kitu kile kile cha kisasa, siku kilipopewa kazi ndogo na ya lazima, kilifaa. Kwa hiyo hatupigani na vitu vipya. Tunauliza tu kila kitu kipya: unafanya kazi gani, kwa nani, na nani atakulipia ukiharibika?

Vilevile Starlink. Mwezi wa 3 wa 2024 ARPTC ilikataza kuitumia katika Kongo. Mwezi wa 5 wa 2025 ikaipa ruhusa. Wengi wetu tulifurahi. Lakini hesabu: ile sahani inahesabiwa kwa mamia ya dolari, kisha kila mwezi unalipa tena. Mlimaji wa Bapere hataweza. Motari wa Furu hataweza. Lakini weka sahani moja kwenye kituo cha afya, na panele ya jua, na nesi na masomo na chefu waitumie pamoja: pale inakuwa mali ya kijiji. Kitu ni kimoja. Namna ya kukigawanya njo inabadilisha yote.

Tuje kwa bei sasa, juu sisi wa mujini mara mingine tunasahau kwamba rezo inaweza kuwa juu ya kichwa chako na bado usiweze kuingia.

Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti kubwa ilisema tangu 2018: mega elfu moja, yaani giga moja, isipite asilimia 2 ya kile mtu anapata kwa mwezi. Fanya hesabu yako mwenyewe, usitungojee sisi. Kama unapata dolari 100 kwa mwezi, giga moja ingekuwa dolari 2. Kama unapata dolari 40, ingekuwa senti 80. Sasa fungua simu yako, angalia forfe, angalia inaisha saa ngapi. Mwanafunzi wa UCG ao wa UCBC anayetafuta kitabu, anakichukua usiku wa manane juu ya forfe ya usiku, asubuhi anasinzia darasani. Na yule ambaye hata simu ya kugusa hana?

Na hiyo pesa tunayolipa inaenda wapi? Hapa mwendo za vijana ziko na historia, na tusiisahau. Mwezi wa 5 wa 2016 bei ya intaneti ilipanda ghafla inchi nzima, na vijana wakapiga kelele. Mwaka 2020 wakaleta RAM, ile kodi iliyokuwa inakula unite kwenye simu yako bila kukuuliza. Mama wa soko anaweka unite ya franka 500, anapiga, anaambiwa hana kitu. Tulikataa, watu walikataa, wadepite walikataa, na mwanzo wa mwaka 2022 RAM ikaondolewa. Hilo ni funzo: sauti ya wengi, ikidumu, inasikiwa. Lakini funzo la pili ni kubwa zaidi: pesa ikatwe namna gani, raia ana haki ya kujua imejenga nini.

Leo kuna sheria. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa 11 wa 2020 juu ya mawasiliano. Ndani yake kuna mfuko wa kupeleka huduma kwa wote, ule unaoitwa FDSU. Makampuni ya simu yanauchangia. Kazi yake ni kupeleka rezo kule ambako muchuuzi haoni faida: ni Bapere, ni Watalinga, ni Bashu. Mfuko huo haukuundwa kwa ajili ya katikati ya muji. Umeundwa kwa ajili ya yule mama wa kilimani.

Na kuna ahadi. Mwezi wa 11 wa 2024 Vodacom na Orange zilitangaza kwamba zitajenga pamoja minara 1000 ya vijijini, ya umeme wa jua, kwa miaka 6, ya 2G na 4G, na kwamba itaweza kufikia mpaka watu milioni 19. Sisi tunasema: vema. Hiyo njo njia. Jua halipiti barabara namba 4, halikamatwi na barriere. Makampuni mawili kushirikiana mnara mmoja badala ya kujenga miwili uso kwa uso, ni akili. Lakini Kongo ni kubwa, na 1000 inaweza kuisha bila mmoja kufika Lubero. Kwa hiyo tunauliza: ni mingapi kwa teritware ya Beni? Mingapi kwa Lubero? Kijiji gani, mwaka gani?

Jambo moja la mwisho mbele ya madai yetu. Rezo inaweza kufika, ikawa na bei nzuri, na bado mtu wa Kinshasa akaizima. Hamkusahau. Mwezi wa 12 wa 2018 walitunyima uchaguzi Beni na Butembo, wakaupeleka mwezi wa 3, wakati rais angekuwa ameshaapa. Tarehe 30, vijana na wamama wa Beni walipanga mstari wakapiga kura yao ya ishara, wakinawa mikono juu ya Ebola. Kesho yake, tarehe 31, intaneti ikakatwa inchi nzima, na SMS pia, karibu siku 20. Katikati ya Ebola. Siku ile kama tungekuwa na 5G, ingekuwa 5G iliyozimwa. Ndiyo maana kwetu haki ya kuunganishwa na haki ya kutokatwa ni haki moja.

Sasa, barua yetu. Iko na madai matano.

Moja. FDSU na ARPTC watoe mbele ya watu orodha ya vijiji visivyo na rezo katika Beni na Lubero, na tarehe ya kila kimoja. Pesa iliyoingia katika mfuko na iliyotoka, ziandikwe fasi ambapo kila raia anaweza kusoma.

Mbili. Sauti kwanza. Mbele ya anteni yoyote ya 5G katika muji wetu, kila grupma ya Beni na Lubero iwe na fasi ya kupiga simu usiku na mchana, na vijiji vinavyoshambuliwa viwe vya kwanza.

Tatu. Minara iwe ya jua na betri, na makampuni yagawane. Mazutu ibakie ya musaada.

Ine. Forfe ndogo ambayo haiishi kisha masaa 24. Mega tuliyolipa ni mali yetu. Muchuuzi wa muchele harudi nyumbani kwako usiku kuchukua kile hukupika.

Tano. Hakuna kukata intaneti, wakati wa uchaguzi ao wa vita, bila sheria na bila uamuzi wa tribinali.

Na sisi? Juu mwendo usioomba kitu kwa wafuasi wake ni redio tu.

Kazi yetu ni hii. Kila mmoja wenu ana kijiji: cha baba, cha nyanya, cha shamba. Ukienda kule, chukua karatasi. Andika jina la fasi, siku, saa, rezo ya kampuni gani inakamata, sauti inapita ao haipiti, mega inapita ao haipiti, mnara ukizimika unazimika siku ngapi. Usiandike jina la mtu. Usipige picha ya askari wala ya mnara. Usalama wako mbele. Ulete karatasi. Tutaziweka pamoja, tutachora ramani ya fasi zisizo na rezo, na siku ile mkubwa mmoja atatuambia kwamba inchi nzima imefunikwa, tutaifungua ramani mbele yake.

Pia tujifunze kwa majirani. Kule Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, wenyeji hawakungoja. Na Mwami wao na wasaidizi, walivuta intaneti kwa radio toka Bukavu, wakaigawanya kisiwani. Wakaiita Pamoja Net. Wenye biashara walikuwa wanalipa, na hiyo ilisaidia raia wa kawaida kuingia. Muji wetu wa Butembo unajulikana kwa watu waliojenga barabara na mashule kwa mchango wao, bila kungoja Kinshasa. Kwa nini paroasi moja, shule moja na wachuuzi watatu wa kartie wasinunue kiungo kimoja na kukigawanya? Hilo haliondoi wajibu wa serikali hata kidogo. Salongo haifuti deni la mwenye kodi.

Wandugu, tunajua kuna wale hapa wanaofanya montaje, wanaouza kwenye intaneti, wanaofundisha kompyuta, wanaosema: ninyi mnataka tubakie nyuma. Hapana. Siku itafika 5G itakuja Butembo, na tutaifurahia. Hatujasema "kamwe". Tumesema mstari. Na kwenye mstari kuna mtu amesimama mbele yetu, tangu asubuhi, na simu yake ndogo ya matouche, mkono juu, chini ya muti, akitafuta mstari mumoja wa rezo ili aseme neno moja kwa watu wake.

Tumpishe. Karatasi ya kusaini iko kwa mlango.